Alamu imelia, simu haikuita: kutafuta chanzo kabla ya kununua moduli nyingine ya GSM

Moduli ya GSM, yaani kile kifaa kidogo chenye laini ya simu kinachopokea taarifa kutoka kwenye paneli ya alamu (sanduku kuu linaloongoza vihisi na king'ora) na kuipeleka kwa mwenye nyumba au kwa kampuni ya ulinzi, haikumbukwi mpaka siku inaposhindwa. King'ora kimelia, majirani wameamka, lakini simu ya mwenye nyumba aliyesafiri kwenda Mbeya haikuita. Akirudi anakwenda dukani kuulizia moduli iliyo bora zaidi, ananunua, fundi anaifunga palepale ilipokuwa ya kwanza, kwa laini ileile na waya uleule, na baada ya miezi miwili tatizo linarudi. Nimeyaona haya mara nyingi kiasi kwamba mtu akiniuliza achague moduli ipi, humwomba kwanza anieleze ile aliyonayo inashindwa vipi. Dalili ndiyo inayoonyesha kifaa kipya kiwe na sifa zipi, na mara nyingi huonyesha kwamba kifaa cha zamani hakikuwa na kosa lolote.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Chukua simu yako, ipigie namba ya laini iliyo ndani ya moduli, kisha usikilize. Ikiita, moduli ina umeme, inaona mnara na laini yake iko hai, kwa hiyo kosa litafutwe upande wa kutuma: salio, namba zilizohifadhiwa, au mawasiliano kati ya moduli na paneli. Ukisikia ile sauti inayosema mteja hapatikani kwa sasa, moduli imezimika, haipati mtandao, au laini haikukaa vizuri kwenye tundu lake. Ukiambiwa kwamba namba haipo au haitumiki, usipoteze muda kufungua sanduku, kwa sababu kosa liko kwenye usajili wa laini. Ikiwa kila unapopiga, usiku na mchana, unaambiwa namba inatumika, moduli imeganda, nayo izimwe kabisa, umeme wa ukutani pamoja na betri, kisha iwashwe baada ya dakika moja. Kipimo hiki hakifai kwa moduli inayotumia data pekee bila sauti, ambayo hali yake huonekana kwenye programu yake ya simu.

Ilifanya kazi vizuri miezi mitatu, kisha ikanyamaza

Moduli inapofanya kazi vizuri tangu ilipofungwa, halafu ikanyamaza bila mvua, bila radi na bila mtu kuigusa, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni laini. Laini ya alamu ina maisha yasiyo ya kawaida: inaweza kukaa wiki nyingi bila kupiga wala kutuma chochote, na kampuni za simu hufunga laini isiyotumika kwa miezi kadhaa ili namba hiyo apewe mteja mwingine. Kupigiwa tu mara nyingi hakuhesabiwi kuwa matumizi. Laini yenyewe inatakiwa ipige, itume ujumbe au iongezwe salio. Dawa yake ni kuipangia moduli itume ujumbe wa majaribio angalau mara moja kwa wiki, na moduli isiyoweza kupangiwa jambo hilo singeinunua kwa bei yoyote.

Jambo la pili ni bando. Watu wengi huinunulia laini ya alamu bando la mwezi, kwa kuwa ni nafuu, wakasahau kwamba likiisha saa sita usiku wa tarehe 30, saa saba usiku laini haina kitu. Kwa laini inayotuma ujumbe na kupiga, salio la kawaida lisilo na tarehe ya kuisha linafaa kuliko bando kubwa, hata kama kila ujumbe unagharimu zaidi. Kwa laini ya data inabidi bando liwepo, lakini liwe la muda mrefu na liwekewe ukumbusho kwenye simu ya mtu anayehusika kweli na nyumba ile.

La tatu lilinipata mwenyewe. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Tanzania mwaka 2019, kila laini ina mwenyewe anayejulikana kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Fundi aliyenifungia alamu nyumbani Goba alikuja na laini yake, akaniambia nisihangaike kwenda kwa wakala, nami nikashukuru. Mwaka uliofuata alihakiki laini zilizosajiliwa kwa jina lake kwa kupiga *106#, akaona moja asiyoikumbuka, akaifuta, kama ambavyo mtu yeyote mwangalifu anapaswa kufanya. Mimi sikujua kitu. Jioni moja nilifungua mlango wa jikoni nikiwa na mifuko ya sokoni mikono yote miwili, nikasahau kuzima alamu, king'ora kikalia juu ya kichwa changu, na simu iliyokuwa mfuko wa shati haikutikisika. Nilisimama pale nikiisubiri iite. Nilipohesabu nyuma hadi siku laini ilipofutwa, nyumba yangu ilikuwa imekaa siku 19 ikiwa na alamu inayopiga kelele tu. Kwa hiyo laini isajiliwe kwa jina la mwenye nyumba, asiwe fundi, mlinzi wala mpangaji, na isiwe na akaunti ya pesa yenye fedha ndani yake, maana anayelibeba sanduku anaondoka na laini.

Ukiwa unashughulikia laini, itoe, iweke kwenye simu ya kawaida na uangalie mambo mawili. La kwanza ni namba ya siri ya laini, ile PIN inayoulizwa simu inapowashwa. Ikiwa imewekwa na moduli haijaambiwa, umeme ukikatika moduli itawaka upya, itashindwa kuifungua laini, na baadhi ya moduli hujaribu namba yao ya kiwandani mpaka mara tatu zinaisha na laini inadai PUK, ile namba ndefu ya kufungulia laini iliyojifunga. Izime PIN hiyo kabla laini haijarudi kwenye moduli. La pili ni ujumbe wa matangazo. Bahati nasibu, nyimbo za kumwitikia mpigaji na mikopo ya wiki vyote vinatumwa kwenye laini ile kama inavyotumwa kwenye simu yako, na moduli za zamani zinazohifadhi ujumbe ndani ya laini yenyewe huacha kupokea amri nafasi inapojaa. Futa zote. Ikiwa baada ya miezi michache zimejaa tena na moduli imeziba tena, hapo kweli una sababu ya kutafuta moduli nyingine, na swali la kuuliza dukani ni moja: je, inafuta yenyewe ujumbe usiotoka kwenye namba zilizoruhusiwa?

Inafanya kazi mchana, umeme ukikatika haipatikani

Dalili hii ndiyo inayowaumiza watu zaidi, kwa sababu mwizi anayejua kazi yake huanza kwenye mita, na hata asipogusa mita, kukatika kwa umeme mtaa mzima ni wakati wake mzuri. Hapa usikubali kuambiwa kwamba moduli ni mbovu mpaka umepima.

Paneli nyingi za nyumbani hupokea volti 16 hivi kutoka kwenye transfoma na kuhifadhi akiba kwenye betri ya risasi ya volti 12 na Ah 7 (ampea-saa 7, yaani ampea moja kwa saa 7). Betri nzima inayochajiwa husoma volti 13.6 hadi 13.8, na ikipumzishwa bila chaji husoma 12.7 hivi. Lakini volti za betri isiyo na mzigo zinaweza kudanganya. Betri ya miaka minne inaweza kusoma 12.6 ukaridhika, kisha ikaanguka hadi 10 king'ora kinapoanza kulia na moduli inapoanza kupiga kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kipimo sahihi ni hiki: chomoa transfoma, subiri nusu saa, washa alamu mpaka king'ora kilie, na uangalie volti za betri kwenye mita ya kupimia umeme wakati moduli inapiga simu. Zikishuka chini ya 11.5 ndani ya dakika chache, badilisha betri kwanza. Kanuni wanayoifuata mafundi wa betri za risasi ni kwamba kila nyuzi joto 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa nusu, na sanduku lililofungwa darini chini ya bati la Dar es Salaam linapika betri kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni. Betri iliyoandikwa miaka mitano nisingeitarajia ifike mitatu kule juu.

Hesabu ya akiba nayo ni rahisi na haifanywi. Jumlisha mkondo wa paneli, vihisi mwendo, kibao cha namba na moduli. Tuseme umepata ampea 0.35. Gawanya 7 kwa 0.35, unapata saa 20 kwa betri mpya kabisa, na kwa betri ya mwaka wa pili nisingetegemea zaidi ya nusu yake. Mtaani kwako umeme ukikaa siku nzima bila kurudi, moduli yoyote utakayonunua itazimika alfajiri. Hapo unachohitaji ni betri ya pili au kubwa zaidi, baada ya kuhakikisha kwamba paneli ina uwezo wa kuichaji.

Sasa njoo kwenye waya, maana hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo halimo kwenye maelekezo ya kwenye boksi. Moduli ya GSM ikitulia inakula umeme kidogo sana, lakini inapotuma kwa 2G, ule mtandao wa zamani wa simu ndogo, hunyonya umeme kwa mikupuo mifupi inayoweza kufikia ampea 2 kwenye chipu yake, na hata baada ya kupunguzwa na kigeuzi cha ndani, upande wa volti 12 mkupuo huo unaweza kufika ampea 0.7. Waya wa kawaida wa alamu, ule mwembamba wa milimita za mraba 0.22, una ukinzani wa ohm 0.08 hivi kwa kila mita ya uzi mmoja. Fundi akiweka moduli mita 15 kutoka kwenye paneli, umeme unasafiri mita 30 kwenda na kurudi, ukinzani unakuwa ohm 2.3, na kwa ampea 0.7 zinapotea volti 1.6 njiani. Umeme wa ukutani ukiwepo haidhuru, kwa kuwa 13.7 kutoa 1.6 inabaki 12.1. Umeme ukikatika na betri ikashuka hadi 11.6, moduli inapata 10 tu wakati ule ule inapotakiwa kupiga simu, nayo inajizima, inawaka, inatafuta mtandao, inajaribu kupiga, inajizima tena. Kwa nje utaona taa yake ikianza mwanzo kila baada ya nusu dakika. Nimewahi kumaliza tatizo la namna hii kwa kuunganisha nyuzi mbili mbili za waya uliokuwepo, bila kununua kitu. Waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao umejaa madukani kwa kuwa ni nafuu, hali yake ni mbaya zaidi, na ukikwaruza uzi kwa kisu ukaona weupe ndani, ujue ndio huo.

Kutokana na haya, sifa ya kudai kwenye moduli mpya ni kwamba ifanye kazi kuanzia volti 9 au 10 na isihitaji 12 kamili, iwe na nafasi ya kuwekwa ndani au karibu kabisa na sanduku la paneli, na ikiwezekana iwe na betri yake ndogo. Moduli inayotegemea adapta yake ya ukutani peke yake, bila kuunganishwa na betri ya paneli, haifai kwa alamu hata kidogo.

Mtandao unakuja na kuondoka

Nyumba zetu hazikujengwa kwa kufikiria mawimbi ya simu: bati juu, nondo na zege kwenye linta na slabu, madirisha yenye vyuma, kisha moduli ndani ya sanduku la chuma na antena yake fupi imefungiwa humo humo. Sanduku la chuma lililofungwa ni kizuizi kizuri sana cha mawimbi. Mara ngapi nimekuta moduli inayodaiwa kuwa haishiki mtandao, nikafungua mlango wa sanduku tu, na taa ya mtandao ikatulia.

Moduli nyingi ukizitumia amri ya kuuliza hali hujibu kwa namba ya mawimbi kati ya 0 na 31. Sifuri ni sawa na dBm -113 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu), na kila hatua inaongeza 2, kwa hiyo 10 ni -93 na 20 ni -73. Namba 99 maana yake haisomi kitu. Chini ya 10 simu inaweza kuita leo na kesho isiite. Mimi hutaka nione angalau 15, na huipima zaidi ya mara moja: mchana, usiku, na siku umeme umekatika mtaani, kwa sababu mnara wa karibu nao ukiishiwa akiba, moduli italazimika kuhamia wa mbali. Pima kwa laini za mitandao miwili au mitatu palepale kwenye sanduku kabla ya kuchagua laini. Mtandao wenye sifa nzuri mjini unaweza kuwa hafifu nyuma ya kilima chako, na jirani wa nyumba ya tatu atakuambia ukweli kuliko tangazo lolote.

Chagua moduli yenye tundu la antena ya nje, na usiinunulie waya mrefu bila sababu. Waya mwembamba wa antena, ule wa aina ya RG174 unaokuja na antena za sumaku, hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita kwenye 900 MHz, na zaidi kwenye 1800. Mita 5 zinakubakishia theluthi moja ya nguvu. Mita 2 zinazotoka nje ya sanduku na kupanda hadi karibu na dirisha au juu ya dari ya mbao zinatosha mara nyingi, lakini antena isiishie katikati ya dari na bati.

Ndugu ametuma moduli kutoka Marekani

Hili linawahusu wengi wenye ndugu ughaibuni, na linaanza kwa nia njema. Mjomba anabadilisha alamu yake Minneapolis au Houston, anaona moduli nzuri ya kampuni inayojulikana, anaituma. Inafika, fundi anaifunga, taa haitulii. Tatizo si fundi. Moduli nyingi za alamu zinazouzwa kule zimetengenezwa kwa masafa ya kule, kama LTE (yaani 4G) bendi ya 2, 4, 12 na 13, ilhali mitandao ya Afrika Mashariki hutegemea bendi nyingine, kama ya 3 ya 1800 MHz, ya 20 ya 800 MHz na ya 28 ya 700 MHz, pamoja na GSM ya 900 na 1800. Zaidi ya hapo, nyingi huja na laini iliyofungwa kwa kampuni moja ya huduma, na bila mkataba na kampuni hiyo hazitumi hata neno.

Ziko pia zile za bei ya kutupwa mtandaoni zilizopoteza soko lake huko. AT&T ilizima 2G yake mwishoni mwa 2016 na 3G tarehe 22 Februari 2022, na Verizon, kampuni nyingine ya simu ya Marekani, ikafunga 3G mwishoni mwa 2022, kwa hiyo alamu nyingi za Wamarekani zilibakia na moduli nzima zisizo na mnara wa kuzungumza nao. Hapa kwetu 2G ingali inabeba simu ndogo za mamilioni ya watu na huduma za pesa kwa njia ya simu, na moduli ya 2G iliyo nzima haina haja ya kutupwa leo. Lakini anayenunua mpya sasa, kwa kifaa anachotarajia kukaa nacho miaka minane au kumi, anunue ya 4G inayoweza kurudi 2G pale ambapo 4G haifiki, na asome namba za bendi kwenye boksi mwenyewe.

Tahadhari moja kuhusu 4G: sauti. Baadhi ya moduli hizo zinapitisha data na ujumbe vizuri, lakini hazina uwezo wa kupiga simu juu ya 4G, au zinao ila mtandao wako hauutambui kwa kifaa kile. Dalili yake ni kwamba ujumbe unafika na simu haiiti kamwe. Jaribu kuilazimisha itumie 2G kwa amri iliyomo kwenye maelekezo yake. Simu ikianza kuita, umepata jibu.

Kampuni ya ulinzi inapokea taarifa zisizoeleweka, au haipokei kabisa

Paneli nyingi hupeleka taarifa kwa kampuni ya ulinzi kwa lugha iitwayo Contact ID. Paneli inapiga namba ya chumba cha udhibiti, inasubiri milio miwili ya kukaribishwa, kisha inatuma tarakimu 16 kwa milio ileile ya vitufe vya simu: namba ya mteja, tukio, eneo na tarakimu ya uhakiki. Tukio la 130 ni wizi, 301 ni kukosa umeme wa ukutani, 302 ni betri dhaifu, 602 ni jaribio la kawaida. Kila mlio unaweza kudumu sehemu ya 20 tu ya sekunde. Lugha hii ilibuniwa kwa simu za waya. Ukiipitisha kwenye sauti ya simu ya mkononi, ambayo mtandao huibana ili ibebe maneno ya watu, milio inapindika, tarakimu ya uhakiki haikubali, na paneli inarudia mara nne, mara sita, mpaka inakata tamaa. Chumba cha udhibiti kinaona ama simu tupu au namba ya mteja mwingine.

Ukikuta hali hiyo, usiendelee kurekebisha sauti ya moduli. Nimeshuhudia mafundi wakipoteza siku nzima kwenye jambo hilo. Tafuta moduli inayojifanya laini ya simu kwa paneli, ikazisoma zile tarakimu 16 hapohapo ndani ya sanduku, kisha ikazituma kama data. Bora kuliko hiyo ni moduli ya kampuni ileile iliyotengeneza paneli, inayoungana nayo kwa nyaya za mawasiliano zilezile zinazotumiwa na kibao cha namba, kwa kuwa hiyo hukuwezesha hata kuwasha na kuzima alamu ukiwa mbali. Kabla ya kununua, ipigie simu kampuni yako ya ulinzi uulize inapokea kwa njia gani. Zipo zinazotumia redio zao wenyewe na hazina pa kupokelea data ya moduli yako, na ni afadhali kulijua hilo kabla hujalipa.

Alamu inalia yenyewe kila moduli inapotuma

Wengi wanaikumbuka ile sauti ya redio kutetemeka, trrr-trrr-trrr, sekunde chache kabla simu iliyo mezani haijaita. Mikupuo hiyohiyo ya 2G huingia kwenye nyaya za vihisi zikipita karibu na antena, na paneli huisoma kama mlango uliofunguliwa. Ikiwa rekodi ya paneli inaonyesha tukio la uongo sekunde chache baada ya kila ujumbe wa majaribio, sogeza antena angalau mita moja kutoka kwenye paneli na nyaya zake. Mara nyingi hilo linatosha.

Hakuna dalili yoyote

Kimya ndiyo dalili ninayoiogopa zaidi. Moduli isiyotuma kitu kwa sababu hakuna wizi na moduli isiyotuma kitu kwa sababu imekufa zinafanana kabisa kwa mtu aliye mbali, na siku zangu 19 zilikuwa za namna hiyo. Ndiyo maana, nikilazimishwa kuchagua moduli kwa sifa moja tu, nitachagua ile ambayo kuna mtu au mashine upande wa pili inayohesabu ukimya wake.

Kiwango cha Ulaya cha EN 50136 hupanga njia za mawasiliano ya alamu kwa muda ambao kukatika kwake lazima kuwe kumeshagunduliwa: daraja la SP2 linaruhusu saa 25, SP3 dakika 30, SP4 dakika 3. Ujumbe mmoja wa majaribio kwa siku, kwa moduli inayotumia SMS, unakusogeza karibu na zile saa 25, mradi kuna mtu atakayeona kwamba wa leo haukufika, na binadamu hatuna uhodari wa kuona kisichofika. Moduli ya data inayosalimiana na seva kila dakika hugundulika haraka zaidi, na gharama yake si ya kutisha: salamu moja yenye baiti 150 hivi, mara 1440 kwa siku, ni MB 6 au 7 kwa mwezi. Uliza seva ikikosa salamu inamwarifu nani, kwa njia gani, baada ya muda gani. Kwa mwenye nyumba anayeishi Muscat au London njia hii ya data inafaa pia kwa sababu haitegemei ujumbe wa kimataifa, ingawa arifa ya programu haiamshi mtu usingizini kama simu inavyoita, na hapa nyumbani lazima awepo wa kupigiwa.

Wezi wenye vifaa vya kuziba mtandao wapo, na moduli nzuri hutambua kwamba mtandao umepotea ghafla na kuwasha tokeo lake, yaani waya wa kutolea amri, linaloweza kuanzisha king'ora. Weka ucheleweshaji wa dakika moja au mbili, la sivyo mnara ukiyumba majirani watakuchukia. Mwenye intaneti ya nyaya nyumbani aiunganishe kama njia ya pili, mradi ruta nayo ina betri.

Siku ya makabidhiano msimruhusu fundi aondoke kabla hamjafanya jambo hili pamoja. Funga sanduku kwa ufunguo, antena ikiwa mahali pake pa kudumu. Zima swichi kuu ya nyumba, mngoje saa moja mkinywa chai. Kisha mtu afungue mlango alamu ikiwa imewashwa, na mwingine ashike saa. Andika kwenye karatasi king'ora kilianza saa ngapi, ujumbe ulifika saa ngapi, simu iliita saa ngapi, chumba cha udhibiti kilipiga saa ngapi. Mwisho mchomoe laini kwenye moduli, muirudishe nyumba katika hali ya kawaida, na mwende zenu bila kumwambia mtu wa upande wa pili. Ngoja uone ni nani atakayekupigia kukuuliza kwa nini alamu yako imenyamaza, na baada ya saa ngapi.